Kuzuia namba kufurika kwenye msimbo wa kumbukumbu wa kerneli: mwongozo kwa anayeanza

"Kaka, nimeweka kikomo, nimeangalia ukubwa kabla ya kutenga kumbukumbu, mbona kerneli bado inaandika nje ya eneo lake?" Swali hili hunifikia kutoka Malimbe, Buzuruga, Igoma hapa Mwanza, kwa vijana wanaojifunza kuandika mfumo endeshi mdogo wenyewe pamoja na kerneli, yaani kiini chake, na jibu huwa lilelile. Kikomo chako kipo, ila hesabu iliyofanyika kabla ya kikomo ilikuwa imeshafurika. Umelinganisha namba ya uongo na kikomo cha kweli. Naandika mwongozo huu ili anayefuata aanzie hapa.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Namba kamili ya biti 32 isiyo na alama (unsigned, yaani isiyoweza kuwa hasi) inaishia 4,294,967,295. Ukiongeza moja inarudi sifuri, na kichakataji hakikuambii lolote. Ni kama kupima gunia la dagaa la kilo 104 pale Mwaloni Kirumba kwenye mizani ya mshale yenye duara la kilo 100 na isiyo na kizuizi: mshale ungemaliza mzunguko na kusimama kwenye 4, na anayeandika daftari bila kulitazama gunia angeandika 4. Kerneli nayo huandika hiyo 4, inatenga nafasi ya 4, kisha inamimina mzigo wa 104.

Usijidanganye kwamba kompyuta za biti 64 zimelimaliza tatizo hili. Wapo vijana hapa ziwani wanaotengeneza vipimajoto vya vichanja vya dagaa kwa chipu ndogo ya ESP32, na kule `size_t` ni biti 32. Na hata kwenye biti 64, mdukuzi hahitaji RAM kubwa ili kufurisha namba. Anahitaji kuandika namba kubwa tu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Ubuntu 24.04 au Linux nyingine ya karibuni. RAM ya GB 4 inatosha.
- C ya kawaida: pointa, `struct`, na tofauti ya `int` na `size_t`.
- xv6, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia wa MIT. Ni msimbo unaoweza kuusoma wote ukauelewa.
- Karatasi na kalamu. Utavihitaji hatua ya 2.

Sakinisha hivi:

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential clang git gdb-multiarch \
  qemu-system-misc gcc-riscv64-linux-gnu
git clone --depth 1 https://github.com/mit-pdos/xv6-riscv.git
cd xv6-riscv
make qemu
```

Hiyo `--depth 1` inashusha toleo la mwisho tu bila historia yote, kwa hiyo inaokoa bando. Ukishaona alama ya `$` ya xv6, bonyeza Ctrl-a kisha x kutoka.

Onyo: majaribio yote yafanyie ndani ya QEMU (programu inayoiga kompyuta) au kwenye programu ya kawaida. Usiyajaribu kwenye kerneli inayoendesha kompyuta yenye kazi zako za chuo.

## Hatua ya 1: Ione kwa macho yako

Andika faili `furika.c`:

```c
#include <stdio.h>
#include <stdint.h>

int main(void)
{
    uint32_t idadi  = 268435457;
    uint32_t ukubwa = 16;
    uint32_t jumla  = idadi * ukubwa;
    printf("%u\n", jumla);
    return 0;
}
```

Ikompaili, iendeshe. Jibu ni 16. Hesabu ya kweli ni 4,294,967,312, lakini biti 32 zimebaki na kilichozidi baada ya mzunguko. Kerneli inayotenga kumbukumbu kwa hesabu hii itatoa baiti 16 kwa rekodi zaidi ya milioni 268, na lupu itakayojaza rekodi hizo itafuta kila kilicho mbele yake.

Sasa badili mstari wa jumla uwe `uint64_t jumla = idadi * ukubwa;` na uchapishe kwa `%lu`. Bado ni 16! Hapa ndipo wengi wanaponaswa. C haiangalii unakoweka jibu, inaangalia aina za namba zinazozidishwa. Zote mbili ni za biti 32, basi kuzidisha kunafanyika kwa biti 32, na jibu lililokwisha kuharibika ndilo linalopanuliwa. Panua kabla ya kuzidisha: `(uint64_t)idadi * ukubwa`.

Mtego huohuo upo kwenye namba za kurasa, yaani vipande vya baiti 4096 ambavyo kerneli huigawia kumbukumbu. Ukiwa na namba ya ukurasa 1,048,576 kwenye kigeu cha biti 32 na ukaisogeza kushoto biti 12 upate anwani, unapata sifuri, kwa sababu kurasa hizo mara baiti 4096 ni GB 4 kamili. Ndiyo maana `PFN_PHYS` ya Linux inaibadili namba kuwa `phys_addr_t` kwanza, halafu ndiyo inaisogeza.

## Hatua ya 2: Orodhesha namba zinazotoka nje

Usianze kuweka ukaguzi kila mahali. Tafuta kwanza ni wapi ukubwa na anwani vinakokotolewa:

```
grep -nE 'PGROUNDUP|memsz|filesz|sz \+' kernel/*.c
```

Kwa kila mstari, andika kwenye karatasi mambo matatu: namba imetoka wapi, ni ya aina gani, na inaishia kwa nani. Namba iliyotoka kwa programu ya mtumiaji, kwenye faili, au kwenye mtandao, ichore duara. Hizo zenye duara zisifikie `+`, `*` wala `<<` kabla ya kukaguliwa. Zilizozaliwa ndani ya kerneli zenye kikomo kinachojulikana zinaweza kusubiri.

Karatasi inaonekana kazi ya kizamani, lakini naisisitiza. Nimeona mara nyingi msimbo wenye ukaguzi kumi, na ile namba moja iliyotoka kwenye faili haijaguswa.

## Hatua ya 3: Rekebisha kujumlisha

Hii ndiyo hatua nzito. Ukiielewa, zilizobaki zitakuwa nyepesi.

Mtu anataka kuhakikisha eneo la kumbukumbu lipo ndani ya kikomo, anaandika:

```c
if (mwanzo + urefu > kikomo)
    return -1;
```

Sasa mtumiaji analeta `mwanzo` wa 0x1000 na `urefu` wa 0xFFFFFFFFFFFFF000. Jumla yake kwenye biti 64 ni sifuri kamili. Sifuri haizidi kikomo chochote, ukaguzi unapita, na kerneli inakubali eneo linalofunika karibu anwani zote zilizopo.

Uliza swali hilohilo kwa kutoa badala ya kujumlisha:

```c
if (mwanzo > kikomo || urefu > kikomo - mwanzo)
    return -1;
```

Sehemu zote mbili zinahitajika. Sehemu ya kwanza inahakikisha `mwanzo` haujapita kikomo, hivyo `kikomo - mwanzo` haiwezi kushuka chini ya sifuri. Ukiiacha sehemu hiyo ya kwanza, umefungua mlango uleule kwa upande wa pili.

Fungua `kernel/exec.c` ya xv6 utazame sehemu inayopakia programu kutoka kwenye faili. Utakuta mstari huu:

```c
if(ph.vaddr + ph.memsz < ph.vaddr)
  goto bad;
```

`vaddr` (anwani ya kupakilia) na `memsz` (ukubwa kwenye kumbukumbu) zote zinatoka ndani ya faili la programu, yaani zimeandikwa na mtu usiyemjua. Kwa namba zisizo na alama, jumla ikiwa ndogo kuliko mmojawapo wa waliojumlishwa, basi imezunguka. Kwenye xv6 ya zamani, ambapo kerneli ilikaa kwenye anwani zilezile za mtumiaji, bila mstari huo mtu angeweza kutunga faili lenye `vaddr` inayoelekea kwenye kumbukumbu ya kerneli na `memsz` inayoifanya jumla ionekane ndogo, kisha kerneli yenyewe ingeyanakili maandishi yake ndani ya kerneli. Toleo la RISC-V limeipa kerneli jedwali lake la kurasa, kwa hiyo njia hiyo imezibwa kwa namna nyingine pia. Ukaguzi umeachwa palepale, na ni sahihi uachwe.

Jambo hili liliwahi kuumiza watu kweli. Mwezi Novemba 2003 seva za mradi wa Debian zilivamiwa kupitia `do_brk()` ya Linux, fanksheni inayoongeza kumbukumbu ya programu. Haikuwa inakagua anwani na urefu. Marekebisho yaliyotoka na toleo la 2.4.23 yalikuwa haya tu:

```c
if ((addr + len) > TASK_SIZE || (addr + len) < addr)
    return -EINVAL;
```

`TASK_SIZE` ni mwisho wa anwani za programu. Tazama nusu ya pili ya sharti. Bila hiyo, nusu ya kwanza ingedanganywa kwa njia niliyokuonyesha hapo juu.

Kosa la kawaida: kutumia mtindo wa `a + b < a` kwa namba zenye alama kama `int`. Kwenye C, kufurika kwa namba yenye alama hakuna maana iliyowekwa, hivyo kompaila ina ruhusa ya kuamini kwamba hakutokei kamwe. Ikiona `b` haiwezi kuwa hasi, itauona ukaguzi wako kuwa hauna kazi na kuufuta. Msimbo wako una kinga, programu iliyokompailiwa haina. Kwa ukubwa na anwani tumia aina zisizo na alama, tena pendelea mtindo wa kutoa.

## Hatua ya 4: Rekebisha kuzidisha

Idadi mara ukubwa ndiyo hesabu inayotumika kutenga safu. GCC tangu toleo la 5 ina fanksheni ya ndani inayozidisha na kukuambia kama jibu limefurika. Jenga yako juu yake (`tenga` hapa ni fanksheni yako ya kutenga kumbukumbu):

```c
void *tenga_safu(size_t idadi, size_t ukubwa)
{
    size_t jumla;

    if (__builtin_mul_overflow(idadi, ukubwa, &jumla))
        return NULL;
    return tenga(jumla);
}
```

Kama kompaila yako haina hiyo, gawanya: `if (ukubwa != 0 && idadi > SIZE_MAX / ukubwa)`. Sehemu ya `ukubwa != 0` usiiache, vinginevyo utagawanya kwa sifuri.

Baada ya hapo, piga marufuku kwenye mradi wako kuandika `tenga(n * sizeof(...))`. Mwaka 2002 OpenSSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta za mbali, ilikuwa na mstari wa namna hiyo: idadi ya majibu ilisomwa kutoka kwa mteja wa mtandaoni, ikazidishwa na ukubwa wa pointa, ikapelekwa kutenga kumbukumbu. Kwenye mashine ya biti 32, idadi ya 1,073,741,825 mara baiti 4 inazunguka na kuwa 4. Toleo la 3.4 ndilo lililorekebisha.

Ukiandikia Linux yenyewe, usijitungie. Zipo `kmalloc_array` na `kcalloc` kwa safu, na `struct_size` kwa `struct` yenye safu mkiani. Hiyo ya mwisho ikifurika hairudi sifuri, inaganda kwenye `SIZE_MAX`, namba ambayo hakuna mtenga kumbukumbu atakayeikubali. Lakini angalia: ukiandika `struct_size(...) + 1`, umeichukua `SIZE_MAX` ukaongeza moja, na umerudi sifuri. Kinga yote imeyeyuka kwa `+ 1`. Tumia `size_add`, nayo inaganda vilevile.

## Hatua ya 5: Kupandisha hadi ukurasa mzima

Karibu kila kerneli ina kitu kama `PGROUNDUP`: inaongeza 4095 kisha inafuta biti 12 za chini. Ukiipa namba iliyo karibu na mwisho, kule kuongeza kunazunguka na unapata sifuri. Ombi kubwa kuliko yote linageuka ombi la kurasa sifuri, na mtumiaji anaambiwa "umefanikiwa".

```c
int pandisha(uint64_t n, uint64_t *jibu)
{
    if (n > UINT64_MAX - (PGSIZE - 1))
        return -1;
    *jibu = (n + (PGSIZE - 1)) & ~((uint64_t)PGSIZE - 1);
    return 0;
}
```

Ile `(uint64_t)` usiiondoe ukidhani ni pambo. Kama `PGSIZE` imeandikwa `4096U`, basi `~(PGSIZE - 1)` ni namba ya biti 32, na ikipanuliwa biti zake 32 za juu ni sifuri. Anwani yoyote juu ya GB 4 inakatwa kichwa. Hitilafu hii haijitokezi kabisa kwenye mashine ndogo, ndiyo maana huchukua muda mrefu kugundulika.

## Hatua ya 6: Namba hasi na kupunguza upana

Kagua kila mahali ambapo `int` inakutana na `size_t`. Ukilinganisha `int` yenye -1 na `size_t`, hiyo -1 inageuzwa kuwa namba kubwa kuliko zote. Na ukiuweka urefu unaozidi 2,147,483,647 kwenye `int`, kwa kawaida utaupata ukiwa hasi, na ukaguzi wa "usizidi 4096" utaupitisha.

`sbrk`, ombi la programu la kubadili ukubwa wa kumbukumbu yake, hupokea namba hasi kihalali, kwa ajili ya kupunguza. Tazama `uvmdealloc` ya xv6: inaanza kwa kuuliza kama ukubwa mpya ni mkubwa au sawa na wa zamani, na kama ndivyo hairudishi ukurasa wowote. Ombi la kupunguza zaidi ya kilichopo huzunguka na kuwa namba kubwa, na linanaswa hapo. Usijaribu kukwepa kwa kuandika `-n`: kama `n` ni -2,147,483,648, kinyume chake hakiingii kwenye `int`.

Na aina ndogo zina mtego wake. `uint16_t` mbili zikizidishwa zinageuzwa kwanza kuwa `int`, yenye alama. 65,535 mara 65,535 inapita mwisho wa `int`, ingawa ulidhani hakuna alama popote.

## Hatua ya 7: Vihesabio vya kurasa

Ukitekeleza kurasa zinazoshirikiwa na programu kadhaa, utakuwa na kihesabio cha wanaoutumia ukurasa. Kikizunguka na kufika sifuri, kerneli itaurudisha ukurasa ambao bado una watu. Januari 2016 Linux ilitangaziwa hitilafu ya aina hii kwenye sehemu ya funguo, CVE-2016-0728, yenye kihesabio cha biti 32. Kataa kuongeza kihesabio kikishafika mwisho, au kigandishe hapo. Ukurasa uliogandishwa utavuja, na hilo ni afadhali.

## Hatua ya 8: Jaribu mipakani

Hamishia fanksheni zako za hesabu kwenye faili moja, `hesabu.c`, lisilotegemea kitu kingine cha kerneli. Sasa unaweza kulijaribu kama programu ya kawaida, kwa `jaribio.c` linaloziita fanksheni hizo. Swichi ya `-fsanitize` inawasha kikaguzi kinacholalamika hesabu inapofurika:

```
clang -std=c11 -Wall -Wextra -g -O2 \
  -fsanitize=undefined,unsigned-integer-overflow \
  hesabu.c jaribio.c -o jaribio
./jaribio
```

Namba za kujaribu si za kubahatisha. Kwa `pandisha`: 0, 1, 4095, 4096, 4097, kisha `UINT64_MAX - 4095`, `UINT64_MAX - 4094` na `UINT64_MAX`. Ya `- 4095` lazima ikubaliwe na irudi ilivyo, kwa sababu tayari iko mwanzo wa ukurasa. Ya `- 4094` lazima ikataliwe. Kama zote mbili zimekataliwa au zote zimekubaliwa, umekosea kwa moja kwenye sharti lako.

## Ikikwama

`make qemu` inalalamikia toleo la QEMU. xv6 ya sasa inadai 7.2 au zaidi, na Ubuntu 22.04 ina 6.2. Hamia 24.04.

Majaribio yanapita bila `-O2`, yanaanguka ukiiweka. Karibu hakika una ukaguzi juu ya namba yenye alama ambao kompaila imeufuta. Rudi hatua ya 3. Unaweza kuweka `-fwrapv`, inayoilazimisha namba yenye alama izunguke, ili kuthibitisha: kama tatizo linapotea, umelipata. Kisha rekebisha msimbo wenyewe, usiiachie hiyo swichi kazi hiyo.

Kerneli inaganda kwenye lupu inayorudi nyuma. Tafuta `for (i = n - 1; i >= 0; i--)` yenye `i` isiyo na alama. Haiwezi kuwa chini ya sifuri, hivyo lupu haina mwisho. `-Wextra` ya GCC hulionya hili, kama huwa unasoma maonyo.

Kikaguzi hakisemi kitu ingawa jibu ni baya. Unatumia GCC. `-fsanitize=undefined` yake haigusi namba zisizo na alama, maana kuzunguka kwake ni halali kwenye C. Tumia clang kama hatua ya 8. Clang inaweza pia kuulalamikia mtindo halali wa `a + b < a`. Ukiugeuza kuwa wa kutoa, inanyamaza.

Kiunganishi kinasema `__ubsan_handle_...` haipo. Umewasha kikaguzi ndani ya kerneli yenyewe, na kerneli haina maktaba ya kukipokea. Kwa clang ongeza `-fsanitize-trap=undefined`, na kwa GCC `-fsanitize-undefined-trap-on-error`. Kerneli itasimama palepale penye kosa, utaiona kwa gdb.

Kiunganishi kinasema `__mulodi4` haipo. Ni clang kwenye mashine ya biti 32, ikizidisha namba za biti 64 zenye alama kwa `__builtin_mul_overflow`. Badili aina ziwe `size_t`, ukompaili tena.